Fungu Moja ni Nini?

Kila Januari, Baraza la Mitihani likitangaza matokeo ya Kidato cha Nne, mimi hutafuta mstari mmoja tu, ule wa Hisabati. Miaka ya karibuni wanaofaulu somo hilo wamekuwa kati ya mmoja katika watano na mmoja katika wanne. Masomo mengine hupanda na kushuka, lakini hili halibanduki mkiani. Siku mbili tatu barazani pote huzungumzwa habari hiyo: walimu hawatoshi, madarasa yamefurika, Kiingereza kinamwangukia mtoto Kidato cha Kwanza baada ya shule nzima ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili. Yote ni kweli na sina ugomvi nayo.

Sasa limeongezeka jambo jipya, nalo ni simu. Mtoto anapiga picha swali la kazi ya nyumbani kwa simu ya mama yake, na kabla hajakaa vizuri programu imemwandikia jibu na hatua zake zote. Wazee wenzangu wanasema simu itaiua hesabu. Nami nikisikia hivyo huwa nakumbuka Ujiji, kule Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, nilikozaliwa, kwa sababu aljebra niliiona ikifanya kazi mchangani kabla sijaiona ubaoni, na kule mchangani kukokotoa ndiko kulikuwa kazi nyepesi. Kilichotoa watu jasho kilikuja kabla ya hesabu kuanza.

Mwishoni mwa miaka ya themanini baba yangu mdogo alikuwa nahodha wa chombo cha dagaa, mitumbwi miwili ya mbao iliyounganishwa kwa maboriti. Chombo kilikuwa cha tajiri mmoja wa mjini, pamoja na wavu na karabai. Usiku wa giza walitoka. Mbalamwezi ikianza walikaa nyumbani wakishona nyavu, maana mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa. Asubuhi, akina mama wakishanunua na fedha ikishakusanywa, mgao ulifanyika palepale ufukweni. Kanuni yake haikuandikwa popote na ilijulikana na kila mtu. Kwanza inatolewa gharama ya mafuta ya taa. Kinachobaki kinakatwa katikati, nusu ya tajiri na nusu ya wavuvi. Katika nusu ya wavuvi nahodha huchukua mafungu mawili, na kila baharia fungu moja.

Chukua asubuhi ya mauzo ya shilingi 9,600. Mafuta 1,200, zinabaki 8,400. Tajiri 4,200, wavuvi 4,200. Nahodha na mabaharia watano ni mafungu saba, basi fungu ni 600. Mabaharia walikuwa wameshajua jibu kabla noti hazijanyooshwa.

Likizo moja wakanichukua mimi. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji yanayoingia chomboni na kuziangalia taa zisififie. Tulipokuwa bado majini likazuka swali: huyu mtoto analipwa nini? Mmoja akasema apewe dagaa wa mboga, atosheke. Mwingine akasema apewe fungu zima, usingizi aliokosa yeye si tofauti na tuliokosa sisi. Wakabishana mpaka kukapambazuka, na si kwa hasira; nadhani walikuwa wakifurahia kitu cha kuwaweka macho. Baba mdogo ndiye aliyekata shauri: nusu fungu.

Basi mafungu yakawa saba na nusu, na wale watu waliozoea kugawa kwa saba kwa kutazama tu wakawa kimya. Baba mdogo aliishia Darasa la Nne. Hiyo nusu hakuigusa kabisa. Aliokota kokoto, akaweka mbili mbele ya kila baharia, nne mbele yake, moja mbele yangu. Kokoto kumi na tano. Shilingi 4,200 kwa 15 ni 280. Nikapata 280 zangu, kila baharia akapata 560, nahodha 1,120, na hakuna aliyerudi nyumbani akinung'unika.

Baadaye, sekondari, mwalimu alipotuonyesha kwamba mlinganyo wenye nusu unasafishwa kwa kuzidisha pande zote mbili kwa mbili, darasa liliandika kanuni na kuikariri, kama tulivyokariri MAGAZIJUTO shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mimi nilikuwa nimeiona sababu yake. Kipimo chako kikikuletea nusu, tafuta kipimo kidogo zaidi, nusu itatoweka yenyewe. Lakini lililonikaa zaidi ni ule ubishi wa majini. Kugawa kwa kumi na tano kulichukua muda wa kuokota kokoto. Kuamua fungu ni nini, nani anahesabiwa, mtoto ni sehemu gani ya mtu mzima, kulichukua usiku. Katika daftari la kazi ya nyumbani usiku ule mzima ni mstari mmoja wa juu: "Tuseme x ni fedha ya fungu moja." Wanafunzi wengi huuruka. Mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha naye hana muda wa kuutafuta. Anatazama chini kabisa, anaona namba, anaweka vema au kosa.

Babu yangu alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Aliacha bibi, watoto wawili wa kiume, yaani baba na baba mdogo, na shangazi zangu watatu. Wazazi wake walikuwa wametangulia zamani. Miongoni mwa mali ya kugawa palikuwa na shamba la michikichi arobaini kwenye vilima nyuma ya mji, na kwa watu wa Kigoma mchikichi ni mawese, ni sabuni, ni ada ya shule. Sheikh aliyeitwa kufanya faraidhi alikaa mkekani na kalamu ya risasi. Mke mwenye watoto anapata thumni. Zinabaki thumni saba, na wa kiume anapata mara mbili ya wa kike: wana wawili ni sehemu nne, mabinti watatu ni sehemu tatu, jumla saba. Kwa hiyo kila shangazi thumni, kila mwana robo. Michikichi mitano kwa bibi, mitano kwa kila shangazi, kumi kwa kila mwana. Chai ilikuwa bado ya moto.

Ndipo shangazi mkubwa akauliza: mchikichi mkongwe, mrefu mpaka mkwezi anauogopa, na ule ulio kwenye nguvu zake, yote ni mmoja mmoja? Sheikh akaitua kalamu. Watu wakaondoka mkekani wakaenda shambani, na huko wakashinda mpaka jua likaanza kuzama upande wa Kongo. Waliafikiana kwamba mikongwe miwili ihesabiwe mmoja. Mikongwe ilikuwa kumi na sita, mingine ishirini na minne. Shamba la michikichi arobaini likawa la thelathini na miwili, fungu la bibi likawa minne, na wana wakapata minane minane. Mafungu ya sheria hayakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni moja ya kuhesabia.

Miaka mingi ilipita kabla sijasoma habari za Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra kule Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun. Sehemu ndefu ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi: mtu amekufa, ameacha hawa na hawa, ameusia hiki, nani apate nini. Na ndani yake hamna x. Milinganyo yote imeandikwa kwa maneno, sentensi baada ya sentensi. Desturi ya kuviita visivyojulikana kwa herufi za mwisho wa alfabeti ililetwa na Mfaransa René Descartes katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637, kitabu hichohicho kilichofungua njia ya kuichora aljebra kwa mistari. Karne kadhaa watu walitatua milinganyo bila ile herufi inayowatisha watoto wetu leo. Yule sheikh wa mkekani, pamoja na shangazi na swali lake, walikuwa karibu zaidi na al-Khwarizmi kuliko kitabu nilichokuja kupewa Kidato cha Kwanza.

Mbalamwezi ilipowaweka mabaharia nyumbani, baba mdogo alichukua mtumbwi mdogo na mshipi akaenda kutafuta kuhe. Nilipenda safari hizo kuliko za dagaa. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na hata si mbali na ufukwe chini hudidimia ghafla. Ukikosa mwamba kwa mita chache mshipi wako unaning'inia mahali pasipo kitu. Majini hapakuwa na boya wala alama. Alichotumia yeye ni nchi kavu. Aligeuka kuutazama mji mpaka mnara wa msikiti ukasimama sawasawa na mwembe mmoja mrefu wa nyuma yake. Hapo alijua yumo ndani ya mstari. Akapiga kasia akiufuata, mnara na mwembe visiachane, huku akitupa jicho upande wa Bangwe, mpaka ncha ya rasi ikagusana na kilima fulani cha nyuma. Huo ni mstari wa pili. Mistari ilipokatana aliteremsha jiwe la nanga, na mwamba ulikuwa pale.

Alikuwa na masharti. Alama zisiwe vitu vinavyohama. Nilipompendekezea banda la wavuvi alicheka, na alikuwa na haki ya kucheka: ziwa lilipopanda, miaka ya 2020 na 2021, maji yaliingia Kibirizi na kwingine ufukweni yakaondoa mabanda mengi, lakini misikiti iko ilipokuwa. Na sharti la pili, ambalo nililielewa polepole: alama za mstari wa pili zisiwe upande uleule wa zile za kwanza. Nilimwonyesha minazi miwili karibu na mnara. "Hiyo iko njia moja na mnara," akasema. "Mistari yake itafuatana. Utapiga kasia mpaka Kongo na hujajua umefika wapi."

Darasani tulipoanza majira ya nukta, na mwalimu akachora mhimili wa x na mhimili wa y, sikumsikia mtu akisema kwamba mihimili ile imechaguliwa na binadamu. Ilikuwapo tu ubaoni, imenyooka. Kigoma yenyewe ina majira yake, karibu nyuzi 4.9 kusini mwa ikweta na nyuzi 29.6 mashariki mwa mstari wa Greenwich, lakini Greenwich ilichaguliwa na mkutano wa mwaka 1884 kule Washington. Ingeweza kuwa Ujiji. Hisabati isingedhurika.

Kuhusu sekondari sina mengi ya kusema. Lugha ilibadilika kati ya Desemba na Januari, na mafungu yakapotea pamoja nayo. Maswali yalikuja yakiwa uchi, kurasa nzima za kutafuta x, bila dagaa, bila michikichi, bila mtu yeyote anayedai haki yake. Vijana ambao ufukweni hungeweza kuwapunja hata shilingi moja walikaa nyuma ya darasa, kimya.

Ila palikuwa na mwalimu mmoja. Alifundisha Fizikia, na siku moja Kidato cha Pili aliingia na jiko la mafuta ya taa, sufuria na themometa. Akauliza maji huchemka nyuzi ngapi. Darasa zima: mia! Maji yakachemka, yakarukaruka, na themometa ikagoma kwenye 97 na kitu. Tukamwambia themometa yake mbovu. Hakubishana nasi. Alichora mihimili miwili, wa chini ukiwa kimo kutoka usawa wa bahari, wa wima nyuzi za maji yanayochemka. "Dar es Salaam, ufukweni, kimo ni sifuri na maji yanachemka kwa nyuzi 100. Wekeni nukta." Tukaweka. Kisha akasema kwamba kila ukipanda kiasi cha mita 300 unapoteza karibu nyuzi moja. Mstari ukateremka ubaoni kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake akaandika y = 100 − x/300. Tukasogea kusoma themometa tena, safari hii kwa makini: 97.4. Tukakokotoa. Mita 780. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya bahari. Kelele za darasa lile zilimleta mwalimu wa zamu.

Hakuishia hapo. Alitusimulia kwamba Richard Burton na John Speke, walipofika Ujiji Februari 1858, walipima kimo cha ziwa kwa njia hiyohiyo, kwa kuchemsha maji, wakapata kama futi 1,850. Hiyo ni pungufu kwa kiasi cha mita 200. Je, themometa yao ilikosea nyuzi ngapi? Tulidhani ni nyingi. Gawanya 200 kwa 300: theluthi mbili za nyuzi moja. Kosa dogo ambalo jicho lenye homa halilioni, na wote wawili walikuwa wagonjwa, lilitosha kulizamisha ziwa zima mita 200. Hapo ndipo nilipouelewa mteremko wa mstari, kuliko ningeuelewa kwa mifano hamsini ya kitabuni. Mstari ukiwa umelala, kosa dogo la wima linakuwa kosa kubwa la ulalo. Mlinganyo wa kina Burton haukuwa na dosari kubwa. Kilichoharibika ni namba iliyoingizwa ndani yake.

Mtoto wa dada yangu yuko Kidato cha Pili kule Kigoma. Alinipigia jioni moja mwaka huu.

"Shikamoo mjomba. Simu imekataa swali."

Swali la kwanza haikulikataa: mstari unaopita kwenye (2, 3) na (6, 11). Tofauti ya wima 8, tofauti ya ulalo 4, mteremko 2, kwa hiyo y = 2x − 1. Yote hayo ilimwandikia, naye akanakili vizuri. Swali la pili liliuliza mstari huo unakutana wapi na 4x − 2y = 7, na simu ikamjibu hakuna jibu. Akadhani imeharibika. Nikamwomba aupange huo wa pili uanze na y. Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi, kisha akasoma: y sawa na 2x toa 3.5. Akanyamaza kidogo.

"Mteremko ni uleule."

Nikamweleza habari ya mnara na minazi. Anaishi palepale, hivyo sikulazimika kumchorea kitu. "Kumbe babu angefika Kongo," akasema, na nikasikia mama yake akicheka nyuma yake.

Sikumwambia aache simu. Ingekuwa unafiki, mimi mwenyewe naitumia. Nilimwomba kitu kingine: aende ufukweni, atunge swali lake la mgao, ndipo aipe simu ilitatue. Kama mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 ingenisikiliza, ningeomba hilo liwe nusu ya kazi zote za nyumbani za aljebra, na alama zake zitolewe kwa mstari wa kwanza kabla ya wa mwisho.

Wiki iliyofuata akapiga tena, na malalamiko. Alikuwa ameiandikia simu kisa chote, nahodha, mabaharia na kijana mmoja anayejifunza kazi, na simu ikampa kijana fungu zima. "Haijui kwamba anapata nusu," akasema. Nikamuuliza, wewe uliiambia? Hakuwa ameiambia. Lakini kilichomkwamisha hasa ni kingine, na kilinikwamisha mimi pia. Siku hizi wengi hawachomi mafuta ya taa. Taa ni za betri na sola. Zamani gharama ya usiku ilitolewa asubuhi yake na mambo yakaisha. Sasa tajiri ananunua taa mara moja, tuseme kwa shilingi 600,000, kisha anakata kidogo kidogo kila safari. Kidogo kiasi gani? Zikigawanywa kwa safari 50 ni 12,000 kila asubuhi. Kwa safari 100 ni 6,000. Na huwezi kujua safari zitakuwa ngapi: mwezi unakula siku zake, na mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwa zima kutoka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti.

"Tajiri anasema hamsini, mabaharia wanasema mia," akasema. "Mjomba, niandike ngapi?"

Nikamwambia aandike n, na chini yake aeleze n ni nini na nani anayeibishania. Akauliza kama mwalimu atalikubali hilo. Nikamwambia alipeleke hivyohivyo.